Mwanafunzi wa London na Mabinti wa Mlimani

Muhula uliopita, katika chuo kimoja cha ualimu huku upande wa mashariki wa Mlima Kenya, nilikuwa nikifundisha historia na somo likaniponyoka mikononi. Tulianza na siasa za miaka ya 1920, tukaishia kwenye mambo ambayo watu wazima huyazungumza kwa kunong'ona. Kijana mmoja wa Imenti alisimama akasema kwamba maneno haya yote ya mapenzi ya vijana, na ya haki ya msichana juu ya maungo yake, ni maneno ya Wazungu, na kwamba Mwafrika halisi hana haja nayo. Akamtaja Mzee Jomo Kenyatta na kitabu chake kuwa shahidi. Msichana wa Mbeere, ambaye aghalabu hukaa kimya nyuma ya darasa, akamuuliza ni Kenyatta yupi aliyemkusudia, kwa sababu kwa alivyosikia yeye, Kenyatta walikuwa wengi ndani ya mtu mmoja. Kengele ikalia kabla sijafungua kinywa.

Swali hilo limenikalia rohoni tangu siku ile. Nimeona heri nilijibu hapa, mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi wao, kwa kuyasimulia maisha ya mtu huyo kwa namna ambayo vitabu vya shule havitumii. Habari za Kapenguria, za Lancaster House na za ikulu zimesimuliwa hata zikachujuka. Mimi nitaufuata uzi mmoja tu: jinsi mwanafunzi mweusi, akiwa ugenini, alivyolifunga suala la yeye ni nani pamoja na suala la mwili wa mwanamke, na jinsi fundo hilo hilo lilivyokuwa likikazwa huku kwetu, Meru na Embu, na mikono mingine kabisa.

Alizaliwa katika miaka ya 1890 upande wa Gatundu, akaitwa Kamau wa Ngengi. Alifiwa na wazazi akiwa mdogo. Babu yake, Kung'u wa Magana, alikuwa mganga, na mtoto alimbebea mkoba wa dawa kabla ya kubeba daftari la mtu yeyote. Mwaka 1909 alifika Thogoto, kwenye misheni ya Kanisa la Skoti, akatibiwa, akasomeshwa, akafunzwa useremala. Mwaka 1913 alitahiriwa pamoja na rika lake karibu na kijito kilicho jirani na misheni. Mwaka uliofuata, 1914, alibatizwa akaitwa Johnstone.

Naomba msomaji autazame mpangilio huo. Wembe wa rika ulitangulia, maji ya ubatizo yakafuata, na mambo hayo mawili hayakugombana. Wamisionari waliikubali tohara ya wavulana. Waliipunguzia ngoma na nyimbo tu. Mvulana aliweza kuwa mtu wa ukoo wake na mtu wa Kristo kwa mwili ule ule. Dada zake hawakupewa njia hiyo, na mzozo wote uliokuja baadaye ulitoka kwenye tofauti hiyo.

Alipomwoa Grace Wahu mwaka 1919, alimwoa kwa mila. Wazee wa kanisa walimwita wakamhoji. Walimlaumu kwa ndoa isiyo ya kanisa na kwa pombe pia, wakamfungia meza ya Bwana kwa muda. Ilimbidi aiandikishe ndoa yake mbele ya hakimu wa serikali, jambo lililokamilika mwaka 1922, ilhali mtoto wao wa kwanza, Peter Muigai, alikwisha kuzaliwa. Basi kijana huyu aliyekuwa akisoma mita za maji za Manispaa ya Nairobi, akiendesha pikipiki na kuvaa mkanda wa shanga, alijua mapema kwamba mambo ya chumbani mwake yalikuwa na wakaguzi.

Mwaka 1928 akawa katibu mkuu wa Kikuyu Central Association na mhariri wa gazeti la Muigwithania. Februari 1929 akasafiri kwenda London kudai ardhi. Ardhi ndiyo iliyomtuma. Lakini akiwa huko, nyumbani kulizuka moto wa aina nyingine. Dkt. John Arthur wa Thogoto, pamoja na misheni nyingine, aliwataka Wakristo waape kuikataa tohara ya wasichana. Asiyeapa alitolewa kanisani, na watoto wake wakaponzwa katika shule za misheni. Watu wakatunga nyimbo za Muthirigu za kuwakejeli wamisionari, serikali ikazipiga marufuku. Januari 1930, Hulda Stumpf, mmisionari Mmarekani, aliuawa huko Kijabe.

Moto huo ulifika huku. Chogoria, ambako Dkt. Clive Irvine alikuwa ameanzisha misheni mwaka 1922, kiapo kile kile kililetwa mbele ya waumini, na waumini wakatoka wengi hata kanisa likabaki na watu wachache mno. Embu nako mgawanyiko ulipita katikati ya familia. Shule za kujitegemea zikachipuka, na sifa kuu ya shule hizo katika masikio ya watu ilikuwa kwamba mtoto angeweza kusoma bila ya kuacha kuwa mtu wa kwao. Mimi ni mwalimu, na sitawadharau wazee waliobeba mawe na miti kwa mabega yao ili kujenga madarasa hayo. Hata hivyo sharti niseme kwamba tangu siku hizo elimu na utambulisho wetu viliegemezwa juu ya mwili wa binti wa miaka 12 au 13, ambaye hakuulizwa na upande wowote.

Kenyatta, alipokutana na wakuu wa Kanisa la Skoti mwaka 1930, alishika msimamo wa katikati. Aliona kwamba kulazimisha kungeongeza ukaidi, na kwamba jambo hilo liachiwe elimu na wakati. Ulikuwa msimamo wa busara, nami ningependa angekaa hapo. Lakini mwaka 1931 aliondoka tena kwenda Uingereza, na safari hii hakurejea kwa miaka 15, akimwacha Wahu na watoto wawili.

Hapo ndipo anapoanza Kenyatta ninayetaka wanafunzi wetu wamjue, Kenyatta mwanafunzi. Alisoma katika chuo cha Waquaker cha Woodbrooke, Birmingham. Alikwenda Moscow mwaka 1932, akasoma huko hadi 1933. Aliporudi London alifanya kazi chuoni ya kuwasaidia wataalamu wa fonetiki kuichunguza lugha ya Kikuyu; sauti yake ilikuwa kitabu chao. Alikuwa na madeni ya kodi ya nyumba, alihama hama, na mara nyingine aliuza stempu za barua alizoletewa kutoka nyumbani ili apate senti za chakula. Katika mji ule, mwenye nyumba aliweza kumfungia mtu mweusi mlango usoni na sheria isimguse. Alifuatana na George Padmore, C. L. R. James na Paul Robeson. Alicheza kama mmoja wa machifu katika filamu ya Sanders of the River, iliyotoka mwaka 1935, filamu iliyoonyesha Waafrika kuwa watoto wanaohitaji bwana wa Kizungu. Robeson, nyota wa filamu hiyo, aliijutia baadaye.

Fikiria basi hali ya mwanafunzi mweusi aliyeketi katika semina ya Profesa Bronislaw Malinowski, katika Chuo cha Uchumi cha London, kuanzia mwaka 1935. Wenzake wamesoma vitabu vinavyosema kwamba Mwafrika ni mtumwa wa tamaa zake. Mitaani wanamtazama kwa hofu na kwa udadisi, wote wawili ukiwa ni wa mwili wake. Makanisa yanamwita mtetezi wa ukatili. Kila atakalosema juu ya mapenzi ya watu wake litapimwa kwa mizani ya rangi yake. Mtu wa namna hiyo hawezi kusema tu kwamba kwetu kuna mema na mabaya kama kwenu. Anahisi kwamba akikubali kosa moja, amewauza wote. Wanafunzi wetu wanaokwenda ng'ambo siku hizi hunisimulia hisia hiyo hiyo, ingawa wao wana simu mkononi na Kenyatta alikuwa na stempu.

Mwaka 1938 kazi yake ya chuo ilitoka kama kitabu, Facing Mount Kenya, ambacho baadaye kilitafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Naushangilia Mlima wa Kenya. Jina la Johnstone likaachwa, Jomo likashika nafasi yake. Katika picha amejitanda vazi la ngozi, anaigusa ncha ya mkuki kana kwamba anaupima makali. Siku zake za kawaida alivaa suti.

Kwanza nimpe haki yake. Kitabu hicho kilivunja kimya. Kwa lugha ya kitaalamu isiyo na aibu, Kenyatta alieleza jinsi vijana wa Kikuyu waliokwisha kupita tohara walivyoruhusiwa kulala pamoja katika ngwiko, wakipapasana bila ya kufikia tendo lenyewe, vazi la msichana likiwa limefungwa imara. Alieleza kwamba kijana aliyevunja mwiko alitengwa na rika lake na kulipishwa mbuzi, na kwamba wakubwa walifundisha wadogo hatua kwa hatua. Majirani zake, Waembu, Wambeere, Wachuka na Wameru, walikuwa na taratibu zao zinazotofautiana na hizo, lakini wote walikuwa na mafunzo. Hapakuwa na ukoo uliomwacha kijana ajifunze gizani. Kwa hiyo kijana wangu wa Imenti amekosea kumwita Kenyatta shahidi wa kimya. Ukimya tunaouita mila ya Kiafrika tuliufundishwa kwa kiasi kikubwa katika madarasa ya misheni, na wengi wetu walimu ndio tunaoulinda leo, tukigeuza kurasa haraka katika somo la biolojia.

Lakini sura ya tohara ni habari nyingine. Hapo mwanafunzi yule aliacha kueleza akaanza kutetea. Alidai kwamba wembe haungeweza kutenganishwa na mafunzo, na kwamba ukiuondoa, kabila lote lingepoteza historia yake, rika zake na umoja wake. Alisema kwamba hakuna Mkikuyu wa maana ambaye angefikiria kumwoa msichana asiyetahiriwa. Tena alikiri, kwa uwazi unaonishangaza kila nikiusoma, kwamba moja ya sababu za kukata ni kuzuia hisia za msichana zisikue mahali pale, ilhali wavulana waliruhusiwa kujichezea kabla ya kuingia jandoni na wala hapakuwa na aliyewashikia kisu kwa sababu hiyo. Ukurasa mmoja unasema tohara ni nguzo ya taifa. Ukurasa mwingine unasema, bila ya kukusudia labda, ni dawa ya kumtuliza mwanamke. Aliandika pia kwamba mapenzi ya watu wa jinsia moja hayajulikani kabisa kwa Wakikuyu. Sentensi hiyo hurudiwa na wanafunzi wangu kama aya ya msahafu, na hawajiulizi mtu mmoja angewezaje kulichungua kila kibanda.

Katika kitabu kizima hasikiki msichana hata mmoja akisema kwa kinywa chake alivyoona yeye.

Na mwandishi mwenyewe? Vita vilipoanza alikwenda kufanya kazi za shamba huko Sussex. Mwezi Mei mwaka 1942 alimwoa Edna Clarke, mwalimu Mwingereza aliyekuwa amefiwa na wazazi wake katika mashambulizi ya ndege, akazaa naye mtoto, Peter Magana. Miaka minne tu ilikuwa imepita tangu aandike lile neno la Mkikuyu wa maana. Simlaumu kwa kumpenda mwalimu. Nasema tu kwamba moyo wake haukuisoma sura aliyoiandika, na kwamba mwanamume aliweza kuvuka mpaka aliouchora mwenyewe na akabaki baba wa taifa. Binti wa Mwimbi au wa Runyenjes angeuvuka huo huo, angeitwa mtoto hadi uzeeni.

Hapa sina budi kuliacha jiji la London nirudi Meru ya miaka hiyo hiyo ya 1930, kwa sababu kuna jambo ambalo Kenyatta hakuliandika na vitabu vya shule havilitaji. Tulizoea kuambiwa kwamba wakoloni walipinga tohara na Waafrika wakaitetea. Meru haikuwa hivyo. Maofisa wa serikali waliona kwamba wasichana wa Meru walitahiriwa wakiwa wamekua, na kwamba aliyeshika mimba kabla ya tohara alitolewa mimba hiyo, kwani mtoto wa asiyetahiriwa hakukubalika. Wao walitaka idadi ya watu iongezeke. Basi dawa yao ikawa kuhimiza wasichana wakatwe mapema, kabla ya kubalehe. Askari waliandamana na mangariba kijiji kwa kijiji, na wasichana wakakatwa kwa makundi, bila ya ngoma, bila ya mafunzo, bila ya ridhaa ya mama zao. Watu waliliita jambo hilo kigwarie. Wembe ulibaki peke yake, tena umeshikwa na serikali, wakati mwanafunzi wetu alipokuwa akiwaambia Waingereza kwamba wembe na mafunzo havitengani.

Kenyatta alirejea nyumbani Septemba 1946. Akawa mkuu wa Chuo cha Ualimu cha Githunguri, kitovu cha shule za kujitegemea, na kwa miaka michache aliwalea walimu. Alimwoa Grace Wanjiku, binti wa Chifu Koinange, ambaye alifariki wakati wa uzazi mwaka 1950. Kisha akamwoa Ngina mwaka 1951. Oktoba 1952 alikamatwa, chuo kikafungwa, na Aprili 1953 akahukumiwa miaka saba ya kazi ngumu, akapelekwa Lokitaung kwenye mchanga wa kaskazini.

Alikuwa bado huko Lokitaung wakati Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru, lilipopiga marufuku tohara ya wasichana, Aprili 1956. Wazee walikuwa wanaume watupu, na nyuma yao alisimama mkuu wa wilaya. Serikali iliyokuwa ikituma mangariba miaka 20 nyuma sasa ilituma askari kuwakamata. Wasichana wakajibu kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia. Walinunua nyembe dukani, wakaingia vichakani kwa makundi, wakatahiriana wenyewe. Waliitwa Ngaitana, yaani wale waliosema watajitahiri wenyewe. Katika miaka mitatu iliyofuata, watu zaidi ya 2,400, wasichana, wanawake na wanaume, walishtakiwa katika mahakama za Kiafrika kwa kuivunja amri hiyo.

Mama yangu alikuwa mmoja wa wasichana hao.

Sikujua hadi nilipokuwa mtu mzima. Mwaka 1988, nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu Nairobi, nilikuja likizoni Mwimbi nikiwa na nakala ya kitabu cha Kenyatta, na nilikuwa nimejaa kiburi cha kitabu hicho. Nilikuwa nimekwisha kuandika insha ndefu ya kukisifu. Jioni moja jikoni nilimsomea mama sura ile ya tohara, nikiitafsiri kwa Kimeru, nikidhani ninamheshimu. Alisikiliza huku akichambua maharagwe. Kisha akaniuliza kama bwana huyo alimwuliza msichana yeyote kabla ya kuandika. Nilikosa la kusema. Ndipo akanisimulia.

Walikuwa sita, mwaka 1957, yeye akiwa na miaka 13. Mkongwe wa kijiji aliwakatalia kwa kuogopa faini, wakaenda wenyewe kando ya mto na wembe mmoja. Hawakuwa wakimpinga Mzungu, alisema, wala jina la Kenyatta hawakuwa nalo kichwani siku hiyo. Bibi zao walikuwa wamewacheka kwamba wazee wamewaamuru wabaki watoto, nao hawakutaka kubaki watoto. Hakuna mafunzo yoyote waliyopewa. Babu alitozwa faini, na wasichana wakafyekeshwa nyasi kwenye kambi ya chifu kwa wiki mbili, vidonda vikiwa vibichi. Alisimulia bila ya kujisifu na bila ya machozi. Mwishoni akataja, kama mtu anayekumbuka bei ya kitu, kwamba kabla yangu alizaa mtoto aliyekwama njiani akafa, na kwamba kuzaliwa kwangu nusura kumchukue yeye.

Nilirudi Nairobi na kitabu kile. Ningependa kuandika kwamba nilibadilika papo hapo, lakini haikuwa hivyo. Mwaka 1993, nikiwa mwalimu kijana katika shule moja ya sekondari ya wilayani ambayo sitaitaja, msichana wangu bora wa Kidato cha Pili hakurudi baada ya likizo ya Agosti. Wasichana wenzake walijua sababu, na mimi nilijua. Nilijiambia kwamba ni mambo ya ukoo wake, na kwamba mwalimu msomi hapaswi kuzungumza kama mmisionari. Kumbe nilikuwa nikizungumza kama mwanafunzi wa London. Aliolewa mwaka huo huo.

Nimalize maisha ya Mzee. Aliachiliwa Agosti 1961, akawa waziri mkuu Juni 1963, na rais mwaka uliofuata. Katika utawala wake wa miaka 15 hakuna sheria yoyote iliyopitishwa juu ya tohara ya wasichana. Kuna sheria nyingine, hata hivyo, ambayo walimu hawana budi kuikumbuka. Mwaka 1959 serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka sheria iliyomwezesha mama asiyeolewa kumshtaki baba wa mtoto ili atoe matunzo. Wasichana wengi wa shule waliotungwa mimba na wanaume wenye mishahara waliitumia. Bungeni ilisemwa kwamba sheria hiyo ni ya kigeni, inavunja mila na kuwafanya wasichana wafanye mimba kuwa biashara. Juni 1969 ikafutwa. Hapakuwa na mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa katika Bunge lile. Grace Onyango, wa kwanza, aliingia baada ya uchaguzi wa Desemba mwaka huo. Hivyo ile ngwiko aliyoisifu Mzee katika kitabu, yenye adhabu kwa mvulana aliyevunja mwiko, ilisahauliwa na serikali yake mwenyewe. Ya utamaduni iliyobaki ni ile iliyomgusa binti. Iliyomgusa mvulana, yaani mbuzi wa fidia, haikuletwa Bungeni. Mzee alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978, akazikwa kwa heshima aliyostahili kwa mengi.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Agosti 1996, huko Gatunga katika Tharaka, wasichana wapatao 30 walikaa faraghani siku kadhaa, wakafundishwa na wanawake wakubwa wa kwao, wakatoka na nyimbo na zawadi bila ya kukatwa. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilikuwa nyuma yao, na sherehe iliitwa Ntanira na Mugambo, yaani tohara ya maneno. Kilichosemwa London kwamba hakiwezekani, wembe kutengana na mafunzo, kilifanywa na akina mama wa Tharaka bila ya shahada. Mwaka 2011 Bunge lilipitisha sheria ya kupiga marufuku ukeketaji. Machi 2021 Mahakama Kuu iliikataa kesi ya daktari mmoja aliyedai kwamba sheria hiyo inamnyima mwanamke mzima haki ya kuishi mila zake. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 1998, wanawake 38 katika kila 100 walikuwa wamekeketwa; katika ule wa 2022 walikuwa 15. Njuri Ncheke makao yake ni pale Nchiru, na Nchiru hiyo hiyo leo ina chuo kikuu, ambako wasichana hupita na vitabu kwapani.

Wiki iliyofuata nilirudi darasani nikalijibu swali la binti wa Mbeere kwa haya niliyoyaandika hapa, isipokuwa habari za mama yangu, ambazo nilishindwa kuzisema nikiwa nimesimama. Kijana wa Imenti hakukubaliana nami. Alisema, kwa adabu, kwamba ni rahisi kumhukumu mtu aliyekuwa peke yake ugenini. Nikamwambia kwamba amesema kweli, na kwamba ndiyo sababu sijamhukumu. Akaomba nimwazime kitabu.

Nilimpa nakala yangu ile ya 1988. Nilipokuwa nikimkabidhi nilikumbuka kwamba pembezoni mwa sura ya tohara, kwa wino wa buluu, kuna mwandiko wangu wa ujana: neno kweli, limepigiwa mstari mara mbili, karibu katika kila ukurasa. Chini ya ukurasa wa mwisho wa sura hiyo kuna swali la mama yangu, nililoliandika usiku ule jikoni, na halijajibiwa. Nilitaka kukichukua tena nifute yale ya mwanzo. Lakini yeye alikwisha kukitia mkobani na kutoka, na binti wa Mbeere alikuwa akimfuata nyuma, akimwambia kwamba akimaliza, ni zamu yake.